Kuingiza ardhioevu na mimea adimu kwenye mpango wa matumizi ya ardhi: mwongozo kamili

Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta kando ya chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda, yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana duniani. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Tofauti na ndugu zake wanaoelea bwawani, hili liliota kwenye tope lenye uvuguvugu, pale maji ya chemchemi yalipofurika na kupoa kidogo. Ilipofika 2008 halikuonekana tena hapo. Hakuna aliyeling'oa wala aliyejenga juu yake. Watu waliyatumia maji ya chemchemi hadi yakaacha kufika juu ya ardhi, na kile kipande kidogo cha tope kikakauka. Spishi hiyo, Nymphaea thermarum, ilinusurika kwa sababu mbegu zilikuwa zimehifadhiwa nje ya nchi, na mwaka 2009 Carlos Magdalena wa bustani ya Kew, London, akagundua namna ya kuzikuza. Mwaka 2023 watafiti wakaripoti kuikuta tena porini Rwanda.

Kisa hicho kina karibu kila kitu unachopaswa kujua kabla ya kuingia kwenye kikao cha mipango. Mmea wa ardhioevu hufa mara nyingi kwa uamuzi uliofanywa mahali pengine, kuhusu maji, na watu ambao hata hawakujua kuwa mmea upo. Kwa hiyo kazi yako ni mbili: kuhakikisha wanajua, kwa maandishi na kwa ramani, na kuhakikisha mstari unaochorwa unafuata maji, usiishie pale mmea ulipoota.

Mwongozo huu ni wa mkazi, mjumbe wa kamati, mwanachama wa kikundi cha mazingira au ofisa wa halmashauri anayetaka jambo hilo litokee. Majina ya ofisi na sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini mtiririko wa kazi unafanana.

Hatua ya 1: Jua mpango uko wapi kwenye ratiba yake

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni mpango wenyewe: ramani na maandishi yanayosema eneo hili ni la makazi, lile la kilimo, lile la viwanda, lile la hifadhi. Wa pili ni kibali cha mradi mmojammoja. Wengi huamka mlango wa pili, tingatinga likiwa limeshafika, na hapo wanapigana na mtu mwenye hati, mkopo wa benki na mchoro uliopitishwa. Kwenye mlango wa kwanza bado hakuna aliyewekeza fedha, na kuhamisha mstari kwenye ramani hakumgharimu mtu chochote.

Nenda ofisi ya mipango uulize mambo haya, na uombe majibu kwa maandishi: mpango unaotumika ulipitishwa lini na unaisha lini; mapitio yatafanyika lini; rasimu itabandikwa au kutangazwa wapi; wananchi wana siku ngapi za kutoa maoni; nani anatoa uamuzi wa mwisho. Uliza pia kama kuna ramani za ardhioevu au za viumbe zilizotumika kuandaa mpango uliopo. Mara nyingi utaambiwa ipo moja ya zamani, iliyochorwa kwa ujumla mno kiasi kwamba kinamasi cha hekta tatu hakionekani. Hilo pekee ni hoja nzuri ya kuanzia.

Usitegemee kwamba sheria ya taifa itakufanyia kazi yote. Mei 2023, katika kesi ya Sackett, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sheria yao ya maji safi inagusa ardhioevu zile tu zilizoungana na mito na maziwa kwa maji ya juu ya ardhi yasiyokatika. Ardhioevu nyingi zilizojitenga zikabaki mikononi mwa majimbo na mamlaka za mitaa. Waliokuwa na kanuni zao za mtaa walilala salama. Wengine walianza upya.

Hatua ya 2: Kusanya kinachojulikana tayari

Kabla ya kuvaa buti, tafuta kumbukumbu. Vyuo vikuu na makumbusho mengi ya taifa huwa na hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na kila sampuli ina lebo: jina, mahali, tarehe, aliyeikusanya. Sampuli ya miaka ya 1930 yenye maneno "kinamasi kaskazini ya daraja" ni ushahidi wa thamani. Lebo nyingi kati ya hizo sasa ziko mtandaoni kupitia GBIF, hifadhidata ya kimataifa iliyoanzishwa 2001.

Hadhi ya mmea itafute sehemu mbili. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliyoanza 1964, hupanga spishi kwa hatari ya kutoweka duniani. Lakini mmea unaweza kuwa wa kawaida duniani na ukawa umebaki sehemu moja tu katika nchi yako. Hapo orodha ya taifa, kama ipo, ndiyo yenye uzito mbele ya kamati. Angalia pia kwamba mimea mingi haijatathminiwa kabisa. Kutokuwemo kwenye orodha hakumaanishi kuwa iko salama, na mwombaji wa kibali akija na hoja hiyo, usiiache ipite.

Kwa maji, picha za satelaiti ni rafiki mkubwa. Landsat imepiga picha tangu 1972; Sentinel-2 hutoa picha za mita 10 kila baada ya siku chache, na zote ni za bure. Chukua picha za mwisho wa masika na za kilele cha kiangazi kwa miaka kadhaa, ziweke bega kwa bega. Utaona maji yanatanuka na kusinyaa, na utaona mahali panapobaki kijani wakati kote kumegeuka kahawia. Hapo ndipo pa kwenda kwa miguu.

Zungumza na wazee, wachungaji na wakusanya dawa za asili. Wanajua ni mwaka gani maji yalifika mbali zaidi na mmea gani ulikuwepo ukapotea. Andika maneno yao pamoja na tarehe uliyozungumza nao.

Hatua ya 3: Thibitisha ardhini

Ardhioevu hutambulika kwa ishara tatu: maji, udongo na mimea. Maji ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu kinamasi halisi kinaweza kuwa kikavu miezi sita. Udongo haudanganyi kirahisi. Chukua koleo, chimba shimo la sentimita 50, kata ukuta wake uwe wima na safi. Udongo uliokaa ndani ya maji muda mrefu hukosa hewa, na madini yake ya chuma hubadilika: rangi inakuwa ya kijivu, wakati mwingine kijivu chenye ubuluu. Pale mizizi ilipopitisha hewa kidogo kunabaki michirizi na madoadoa ya rangi ya kutu. Ukikuta kijivu chenye kutu ndani ya sentimita 30 za juu, uko kwenye ardhioevu hata kama viatu vyako vina vumbi. Harufu ya yai viza ni ishara ya ziada. Ukikuta udongo mweusi mwepesi uliojaa mabaki ya mimea isiyooza vizuri, hiyo ni mboji ya kinamasi, na hujijenga kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka. Mita mbili za mboji hiyo zimechukua takriban miaka elfu mbili kujikusanya. Kamati husikiliza hesabu ya namna hiyo.

Piga picha ya shimo ukiwa umesimamisha rula pembeni, chukua viwianishi vya GPS, kisha rudisha udongo. Sogea mita 20 kuelekea pakavu, chimba tena. Endelea hadi madoadoa yapotee. Mpaka wa ardhioevu uko kati ya shimo la mwisho lenye dalili na la kwanza lisilo nazo.

Kuhusu mimea, msimu ni kila kitu. Ukaguzi uliofanyika wakati mmea haujachanua, au umelala chini ya udongo, hautaukuta. Okidi kadhaa za ardhini zinaweza kupitisha mwaka mzima au zaidi bila kuchomoza hata jani, na mimea ya mabwawa ya msimu hukaa kama mbegu hadi mvua ya kiwango fulani inyeshe. Panga ziara wakati mmea unaoutafuta unachanua, na rudia msimu unaofuata. Piga picha ya ua, jani mbele na nyuma, shina, na mazingira yake. Usikate sampuli ya mmea unaohisi ni adimu. Mpelekee mtaalamu picha kwanza, mwache yeye aamue kama kuna haja, na kama kuna kibali.

Hesabu mimea, au ikiwa ni mingi, kadiria kwa vipande vya mita moja ya mraba. Andika pia ulikopita na hukukuta kitu. Taarifa ya "tulitafuta hapa tarehe fulani tukakosa" huipa kazi yako yote heshima.

Hatua ya 4: Fuata maji hadi yanakotoka

Hapa ndipo mipango mingi ya hifadhi hukosea, na ndipo ningetumia nusu ya muda wote kama ningelazimika kuchagua.

Kila ardhioevu ina chanzo kikuu cha maji: mvua inayodondoka hapohapo, maji ya ardhini yanayochipuka, mto unaofurika, au bahari inayojaa na kupwa. Kinga inayofaa aina moja haifai nyingine. Kinachotegemea mafuriko ya mto kinauawa na tuta linalozuia mto kutoka kingoni. Kinachotegemea maji ya ardhini kinauawa na visima virefu vilivyo kilomita kadhaa mbali, kwenye kilima ambacho mpango umekitenga kwa viwanda. Na kile cha mvua kinauawa na mtaro mmoja tu uliochimbwa pembeni.

Utajuaje? Nenda katikati ya kiangazi. Kama hakujanyesha kwa miezi na bado pana unyevu, maji ya ardhini yanahusika. Chukua bomba la plastiki la milimita 50, toboa matundu sehemu ya chini, lifunge kitambaa lisijae tope, lishindilie ardhini mita moja na nusu. Kila wiki mbili teremsha utepe wa kupimia, soma kina cha maji, andika. Baada ya mwaka mmoja una mchoro unaoonyesha maji yalipanda lini na kushuka lini, na yaliitika vipi kila mvua ilipokuja. Weka mabomba matatu au manne kwenye mstari kutoka pakavu hadi katikati na utaona maji yanaelekea upande gani. Hakuna kifaa cha bei rahisi kinachozidi hiki kwa nguvu mbele ya mhandisi.

Wingi wa maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ubora wake. Mimea mingi adimu ya ardhioevu ni adimu kwa sababu imezoea ufukara: udongo wenye rutuba kidogo sana ambamo mimea mikubwa haiwezi kuishi. Mwaga mbolea humo na majitu yanaingia. Katika Everglades, ardhioevu kubwa ya Florida huko Marekani, fosforasi kutoka mashambani iligeuza maeneo makubwa ya nyasi za asili kuwa misitu ya Typha, mmea mrefu wa majini, na kiwango kilichowekwa kulinda eneo hilo ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Kwa hiyo mashimo ya vyoo, mashamba yenye mbolea nyingi na maji machafu ya barabarani vyote ni suala la mmea wako, hata vikiwa nje kabisa ya mpaka wake.

Maji ya kupita kiasi nayo ni hatari. Mtaa mpya wenye paa na lami huyatupa maji yote ya mvua kwa saa moja, yale ambayo zamani yalinyonywa ardhini na kutoka polepole kwa wiki. Kinamasi kinapata mafuriko ya ghafla, kisha ukame.

Na barabara! Tuta la barabara linalokatiza bonde ni bwawa lisilo rasmi. Upande wa juu unazama, upande wa chini unakauka, na kalavati moja katikati hukusanya maji yaliyokuwa yakitambaa kwa upana na kuyafanya mfereji. Ukiwa na muda wa kuangalia mchoro mmoja tu wa mradi, angalia wa barabara.

Tanzania ina mfano unaojulikana dunia nzima. Kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, palikuwa na ardhioevu iliyolishwa na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa mno ya maji ya maporomoko ikachepushwa, manyunyu yakakoma, mimea ya pale ikabadilika, na chura wa Kihansi, aliyegunduliwa 1996 tu, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Mabomba ya kunyunyizia yaliyowekwa baadaye yanasaidia, lakini sasa korongo linaishi kwa mashine.

Hatua ya 5: Chora mistari mitatu

Mstari mmoja hautoshi. Wa ndani ni wa ardhioevu yenyewe, ukiwa umethibitishwa kwa mashimo yako. Wa pili ni ukanda wa kinga unaouzunguka. Wa tatu ni eneo la chanzo: bonde dogo au mwinuko ambao maji yake huishia hapo. Kila mmoja una masharti yake, na masharti hulegea kadiri unavyotoka nje.

Upana wa ukanda wa kinga una mabishano yasiyoisha. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataja mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mwambao wa bahari. Kanuni za Uganda za 2000 zinataja mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Namba kama hizi zina faida ya kueleweka na kila mtu, na mkaguzi anaweza kuzipima kwa utepe. Udhaifu wake ni kwamba maji hayasomi utepe: kwenye mteremko mkali wenye udongo wa kichanga, mita 30 ni kama hakuna. Pendekezo langu ni kuandika kiwango cha chini kwa namba, kisha kuongeza kwamba kinapanuka pale vipimo vya mteremko, udongo au maji ya ardhini vinapoonyesha haja. Kamati nyingi hukubali "si chini ya" kwa urahisi kuliko zinavyokubali namba kubwa.

Acha pia nafasi ya kinamasi kusogea. Mvua zinabadilika na bahari inapanda. Mikoko iliyobanwa kati ya maji na ukuta haina pa kurudi nyuma.

Jambo moja la tahadhari. Usiweke mahali kamili pa mmea adimu kwenye ramani ya umma. Januari 2014 yungiyungi moja la Mashyuza liliibwa ndani ya bustani ya Kew, penye walinzi. Kinamasi chako hakina mlinzi. Tengeneza ramani mbili: ya umma inayoonyesha eneo zima la ulinzi bila kutaja spishi ziko pembe gani, na ya ndani inayokaa kwa ofisa wa mipango na mtaalamu. Programu ya iNaturalist, ya kurekodi viumbe vilivyoonekana, hufanya hivyo yenyewe kwa spishi zilizo hatarini: huficha viwianishi ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2, takriban kilomita 22 kila upande karibu na ikweta. Hakikisha picha unazosambaza hazijabeba viwianishi ndani yake.

Hatua ya 6: Andika maneno yanayofunga

Ramani bila maneno ni picha tu. Soma kifungu hiki, ambacho utakutana na ndugu zake kila mahali:

"Halmashauri itahamasisha utunzaji wa maeneo oevu pale inapowezekana."

Hakuna anayeweza kukivunja kifungu hicho, kwa hiyo hakimlindi mtu. Kilinganishe na hiki, ambamo A ni ardhioevu yenyewe, B ni ukanda wa kinga na C ni eneo la chanzo:

"Ndani ya Eneo A katika ramani iliyoambatishwa, hairuhusiwi kujenga jengo lolote, kumwaga kifusi, kuchimba au kupanua mtaro, kuchepusha maji, wala kuondoa udongo au uoto wa asili. Ndani ya Eneo B, hairuhusiwi shimo la maji taka, matumizi ya mbolea ya viwandani wala uso mgumu usiopitisha maji. Ndani ya Eneo C, ombi lolote la kisima chenye pampu, la mtaro, la barabara au la ujenzi wa zaidi ya mita za mraba 500 litaambatana na taarifa ya mtaalamu wa maji inayoonyesha kwamba kina cha maji katika Eneo A hakitabadilika."

Mita za mraba 500 hapo ni mfano; kiwango kiwekwe kulingana na eneo. Angalia kilichobadilika: vitendo vimetajwa kwa majina, mahali pameonyeshwa kwenye ramani, na mzigo wa kuthibitisha umewekwa kwa anayeomba. Ongeza kifungu cha matengenezo, yaani nani atang'oa mimea vamizi, nani atafungua kalavati, na fedha itatoka fungu gani. Na kifungu cha marejesho: aliyevunja anarudisha hali ya ardhi kwa gharama zake, mbali na faini. Faini peke yake matajiri huiingiza kwenye bajeti.

Kuwa mwangalifu na neno "hairuhusiwi shughuli yoyote". Linasikika kali na zuri, lakini baadhi ya mimea adimu hutaka kusumbuliwa. Mtego wa nzi wa Venus, unaoota porini kwenye majimbo ya Carolina huko Marekani pekee, hufunikwa na vichaka moto usipopita mara kwa mara. Okidi za mabonde mengi ya Ulaya hupotea watu wakiacha kufyeka nyasi. Kama mifugo wamelisha hapo kwa karne na mmea bado upo, huenda upo kwa sababu yao. Andika "malisho kwa idadi na msimu uliokubaliwa" badala ya kufukuza kila mtu.

Hatua ya 7: Ongea na wenye ardhi na wahandisi kabla ya kikao

Mwenye shamba anayesikia kwa mara ya kwanza hadharani kwamba nusu ya ardhi yake imepakwa rangi ya buluu atakuwa adui yako, na ana haki ya kukasirika. Nenda kwake kwanza. Mwonyeshe mashimo. Uliza alikuwa na mpango gani. Mara nyingi hakukusudia kujenga kwenye tope hata siku moja. Pale alipokusudia, njia inayofanya kazi vizuri kuliko zote ni kumruhusu ajenge nyumba zilezile kwa idadi, lakini zikusanywe sehemu kavu kwenye viwanja vidogo, na sehemu oevu ibaki wazi kwa mkataba wa kudumu unaofuata ardhi hata ikiuzwa. Nafuu ya kodi ya ardhi au malipo ya hifadhi yanasaidia pale sheria inaporuhusu.

Kwa wahandisi tumia lugha yao. Usianze na ua. Anza na mafuriko, na gharama ya mifereji ambayo kinamasi kinafanya bure, na maji machafu. Nakivubo, kinamasi cha Kampala, hupokea maji taka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, mahali jiji linapochota maji yake ya kunywa; ofisa wa maji hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mmea adimu utakuja ndani ya hoja hiyo, umebebwa.

Hatua ya 8: Ombi la kibali likija

Mpango ukipita, kazi inahamia kwenye maombi. Omba taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira na uisome kutoka nyuma: anza na viambatisho. Huko ndiko kuna tarehe za ukaguzi. Ukaguzi wa mimea uliofanywa siku moja ya kiangazi ni pengo unaloweza kulitaja kwa sentensi moja. Angalia kama orodha ya spishi ina majina kamili ya kisayansi au "nyasi mbalimbali". Angalia kama mchoro wa mitaro ya muda wakati wa ujenzi upo, maana madhara mengi hutokea miezi ile ya vumbi, kabla jengo halijasimama. Angalia kama miradi jirani imehesabiwa pamoja. Visima vitano vilivyoombwa kimojakimoja huonekana vidogo vyote.

Kisha pima mapendekezo yao kwa mpangilio unaokubalika kimataifa: kwanza kuepuka, halafu kupunguza, halafu kurejesha, na fidia mwisho kabisa. Taarifa nyingi huruka moja kwa moja hadi mwisho: "mimea itahamishwa" au "ardhioevu mbadala itatengenezwa". Kuhamisha mmea adimu ni kuuhamisha kutoka kwenye maji, fangasi wa mizizini na wachavushaji wake, na mara nyingi hufa taratibu baada ya ripoti ya mwisho kuwasilishwa. Kuhusu ardhioevu mbadala, utafiti wa 2012 uliokusanya taarifa za maeneo 621 yaliyorejeshwa au kutengenezwa ulikuta kwamba, hata karne moja baadaye, uoto na wanyama wake walikuwa wastani wa asilimia 26 chini ya ardhioevu za asili, na utendaji wake wa kikemia asilimia 23 chini. Takwimu hizo mbili zibebe kila unapokwenda.

Barua ya pingamizi iwe fupi. Taja namba ya ombi, kifungu cha mpango kinachovunjwa, ukweli ulioupima, na unachotaka. Kwa mfano: "Ombi linapendekeza mtaro wa mita 2 kwenda chini, mita 40 kutoka Eneo A. Vipimo vyetu vya mwaka mzima, vilivyoambatishwa, vinaonyesha maji ya ardhini yako sentimita 35 chini ya uso. Mtaro utayavuta. Hii ni kinyume cha kifungu cha Eneo C. Tunaomba ombi likataliwe, au mtaro uhamishiwe upande wa mashariki." Barua kumi za namna hiyo zenye hoja tofauti zina nguvu kuliko saini elfu kwenye karatasi moja inayosema tunapinga. Wasilisha kabla ya siku ya mwisho na udai muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 9: Rudi na utepe wako

Mpango uliopitishwa huanza kuliwa pembezoni: tuta dogo la mboga, kifusi kilichomwagwa usiku, mtaro "wa muda". Teua sehemu kumi za kupiga picha, weka alama, na kila msimu piga picha ukiwa umesimama palepale ukielekea upande uleule. Endelea kusoma mabomba. Hesabu mimea kwa njia ileile uliyotumia mwanzo, la sivyo hutajua kama imepungua au umebadilisha macho. Kagua kalavati kabla ya mvua na baada yake.

Ukikuta uvunjaji, toa taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi, ukiambatisha picha ya kabla na ya baada, ukitaja kifungu. Kifusi cha wiki moja kinaondoleka kwa koleo na siku moja ya kazi. Cha mwaka mmoja kina msingi wa nyumba juu yake. Nakala moja ibaki kwako, moja kwa ofisa wa mipango, na moja iende kwa chombo cha taifa cha mazingira. Weka faili lenye tarehe, kwa sababu mapitio yajayo ya mpango yatakuja na maofisa wapya watakaouliza kama kweli palikuwa na maji hapo.